Nilivyokataliwa Ibra kwa Ajili ya Michango Iliyozidi

Vijana wangu wa ofisi ya Nizwa, mmeniomba niwaandikie namna ya kushughulikia michango iliyozidi katika mfuko wa akiba ya uzeeni, maana kila mwaka hesabu za kodi zinapokaribia kufungwa mnashikwa na homa. Mnasema mimi ndiye mwenye uzoefu. Ni kweli, kwa maana moja: katika kampuni ile hakuna mtu aliyepata kuaibika kwa michango iliyozidi kama mimi. Nimestaafu juzi tu. Mke wangu Zuwena hajazoea kuniona nyumbani asubuhi, na amefurahi kusikia nina kazi ya kukaa mezani, mbali na jiko lake.

Nilizaliwa Tabora, ambako baba alikuwa na duka la vitambaa. Tulipohamia Oman nilikuwa kijana niliyekwisha maliza skuli, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: niliweza kusoma sura nzima kwa tajwidi, lakini sikuweza kuomba chumvi mezani. Kwa Kiarabu hicho hicho nikaenda Nizwa kuomba kazi katika kampuni yetu hii, inayopika chakula cha hospitali na skuli, yenye majiko Nizwa, Ibra na Sur. Mudiri, yaani meneja, aliniuliza maswali mengi. Kila swali nililijibu kwa kutikisa kichwa na kusema naam. Nikatoka mle nikiamini nimeajiriwa ukarani.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa gari la samaki.

Kumbe katika yale maswali lilikuwamo moja la kuendesha gari. Sikutaka kuonekana muongo, kwa hiyo nikaingia garini, nikaliwasha, nikalikwaruza ubavu mzima kwenye nguzo ya lango. Nilishuka nikajitukana kwa Kiswahili, kwa sauti, nikidhani pale hakuna anayenielewa. Dirisha la juu likafunguka.

"Wewe kijana," sauti ya mwanamke ikasema, "hayo maneno umeyatoa bara, maana Unguja hatutukani vibaya hivyo. Panda juu."

Huyo ndiye Bibi Thuraya, mkuu wa mfuko wa akiba, mzaliwa wa Malindi mjini Unguja, mwanamke mwembamba mwenye miwani ya kamba. Nilipoingia nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanisukumia mashine ya kujumlishia, ile ya mpini na utepe wa karatasi, akasema, "Jumlisha." Nikajumlisha. Akaupitia utepe kwa penseli, akafika mwisho. "Unakosea kidogo kuliko unapoendesha," akasema. Jioni ile nikahamishiwa kwake, na gari la samaki likapewa mtu mwingine. Kwenye jalada langu la ajira, mpaka nilipostaafu, niliendelea kuandikwa dereva.

Sasa niwaeleze wale walioingia juzi mfuko wenyewe ni kitu gani. Kila mwezi mfanyakazi anatia sehemu ya mshahara wake, kampuni nayo inaongeza sehemu yake, na vyote vinafungwa mpaka siku ya kustaafu. Kuna kikomo. Hapa mishahara yetu haikatwi kodi, na ndugu zangu wa Dar wakisikia hivyo wanavuta pumzi kwa uchungu, lakini kampuni inalipa kodi ya faida yake. Kile inachowaongezea wafanyakazi kwenye mfuko inakihesabu kuwa ni matumizi. Ila haikubaliwi kuhesabu kilichopita kikomo. Kwa hiyo kabla hesabu za kodi hazijapelekwa, lazima kila mchango uliozidi utafutwe, utolewe, na sehemu ya kampuni irudi kwa kampuni. Ukiuacha, mkaguzi anauliza. Akiuliza mara mbili, mfuko wote unatiliwa shaka, hata wa mpishi ambaye hakuzidisha chochote.

Michango huzidi kwa sababu za kawaida kabisa. Mtu ana kazi mbili na kila kazi inakata kikomo kizima. Mwingine mshahara wake umepungua katikati ya mwaka, makato yakabaki pale pale. Na mara nyingine karani amegonga tarakimu moja mara mbili kwa sababu alikuwa anakula tende huku anaandika. Hii ya tende nimeifanyia utafiti mwenyewe.

Bibi Thuraya alinifundisha jambo moja tangu mwanzo. "Aliyepungukiwa atakuja mwenyewe, na kelele juu," alisema. "Aliyezidisha hajui. Huyo inakubidi umfuate, na ukimfikia atadhani umekuja kumnyang'anya."

Nilimwamini, lakini sikumwelewa mpaka nilipompata mzidishaji wangu wa kwanza, dereva mmoja wa Sur aliyekuwa na mikono kama makasia. Nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandalia sentensi safi ya Kiarabu ya kumwambia amepita kikomo, nimeitoa kwenye kamusi, neno kwa neno. Nikaisema. Simu ikakatwa. Keshoye dereva yule alitokea Nizwa asubuhi na mapema, pamoja na ami yake na mzee mmoja wa mtaani kwao, wote watatu wamevaa vilemba vya sikukuu, wanataka kujua mimi ni nani hata nimwambie mtoto wa watu kuwa amevuka mipaka ya adabu. Kumbe ndivyo ile sentensi inavyosikika. Bibi Thuraya aliwatilia kahawa kwa mkono wake, akawaeleza mambo yote kwa maneno machache, akawarudishia pesa yao. Walipoondoka akaniambia, "Nassor mwanangu, kamusi ifunge. Ukiwa hujui neno, nyamaza na utabasamu. Una sura ya kufaa kutabasamu." Sikujua kama nimesifiwa. Sijui mpaka leo.

Alistaafu Bibi Thuraya, nikakaa kwenye kiti chake. Mashine ya mpini ikaenda stoo, zikaja kompyuta, halafu ikaja ile programu ya kwenye simu ambayo nyinyi mnaipenda na mimi inaniogopesha. Kiarabu changu kilikuwa kimetengenea, kiasi kwamba watu wa Nizwa walinidhania mtu wa Sur, na watu wa Sur wakanidhania Mhindi.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Shamsa. Jina silo lake, nimelibadilisha, na yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika, kwa sharti nitakalolitaja mbele.

Shamsa alikuwa msimamizi wa jiko letu la hospitali kule Ibra. Alizaliwa Unguja, mama yake mtu wa huko, akaja Oman mdogo. Aliolewa, akaachika, hakujaaliwa mtoto, akarudi kukaa na mama yake katika nyumba ya kaka yake, Said. Said ni kaka yake kwa baba. Mama yake huyo Said ni mtu wa Ibra asiyepata kuvuka bahari, na yeye Said hajui Kiswahili, ila "karibu" na matusi mawili. Si mtu mbaya. Nataka mlielewe hili. Alichonacho anakitoa kwa wote, na anataraji wote watoe walichonacho. Tatizo ni miradi. Alinunua ngamia wa mashindano, ngamia akapenda kulala. Akanunua gari la kubebea samaki wa Sur, barafu ikamshinda. Wakati huu ninaousimulia alikuwa anajenga kambi ya watalii kwenye mchanga, nje ya mji, na kila mtu wa nyumba ile alikuwa ameshatoa kitu, mpaka bangili za mama yake Shamsa zilikuwa zimekwenda mchangani.

Siku Shamsa alipojiunga na mfuko, zamani za Bibi Thuraya, mimi nikiwa mezani pembeni, alisema neno ambalo sikulisahau. "Bibi, mimi nataka nyumba yangu. Hata chumba kimoja na jiko. Nataka mlango ambao ufunguo wake uko kwangu. Kaka yangu akijua nina akiba sitaweza kumnyima, kwa sababu nampenda. Kwa hiyo asijue." Bibi Thuraya akamwahidi kwa niaba ya ofisi yote, na ofisi yote ilikuwa yeye na mimi.

Miaka ikapita. Shamsa akapata kazi ya pili, jioni, kwenye jiko la skuli, chini ya kampuni ndugu na yetu inayotumia mfuko huo huo. Kule nako akaomba wamkate kikomo kizima. Mwisho wa mwaka tulipoanza kufunga hesabu za kodi, jina lake likatokea juu kabisa ya waliozidisha.

Utaratibu mnaujua. Mwenye kuzidisha anapelekewa ujumbe kwenye simu, achague: arudishiwe ziada kwenye akaunti yake ya benki, au ziada ihesabiwe mchango wa mwaka ujao, na makato yake ya mwaka huo yapunguzwe kwa kiasi hicho. Asipojibu mpaka hesabu zifungwe, anarudishiwa. Na akaunti ya benki ya Shamsa aliifungua Said. Namba ya simu iliyoandikwa benki ni ya Said. Pesa ikiingia pale, simu inayolia ni ya Said.

Nilimpelekea Shamsa ujumbe. Kimya. Nikampelekea wa pili, nikauandika kwa mapenzi: "Una pesa zako za kurudishiwa, bonyeza hapa upesi kabla hujachelewa." Akanizuia asipate ujumbe wangu wala simu yangu tena. Nikapiga simu jikoni Ibra, wakaniambia yuko likizo, mama yake amevunjika mguu. Nikapiga nambari ya nyumbani, akapokea Said. Nikatabasamu, nikakata. Tabasamu halifai kwenye simu.

Mkaguzi alikuwa anafunga hesabu kesho yake. Nikamwambia mudiri nakwenda Ibra. Akaniuliza kwani hakuna mtu Ibra wa kumtuma. Nikasema jambo hili linahitaji busara. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa kinywa changu.

Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia mpya, kwa sababu nakwenda kwenye nyumba ya watu. Nikapitia sokoni nikanunua halwa, kwa sababu huwezi kwenda kwenye nyumba ya watu mikono mitupu. Nikajipaka udi kidogo. Kisha nikapita Izki, nikapita Sinaw, na njia nzima nilikuwa napanga nitakachosema, wala haikunipitikia hata mara moja kwamba mwanamume aliyevaa vile, amebeba halwa, ananukia vile, anakwenda kwa mwanamke aliyeachika, anafanana na kitu kimoja tu.

Said alinipokea vizuri. Akanikalisha kwenye majlisi, chumba chao cha wageni, akaleta tende na kahawa, akaniuliza hali ya Nizwa, ya mvua, ya mifereji. Halafu akauliza kheri gani imenileta.

"Nina maneno na dada yako Shamsa," nikasema. "Natoka kwenye kampuni yake."

"Ahlan wa sahlan. Kama ni ya kazi, sema na mimi. Mambo yake ya kazi, mshahara, karatasi, yote yanapita kwangu. Yeye ana mgonjwa."

Nikaona mtego. Nikasema haraka, "Si ya kazi."

"Basi ni ya nini?"

Kiarabu chote cha miaka yote kikanitoka. "Ni yangu mimi na yeye," nikasema. Na kwa kuwa sikujua neno lingine, nikatabasamu.

Said akaitazama kofia. Akaitazama halwa. Akanitazama usoni, na usoni nina mvi. "Umekuja peke yako?" akauliza polepole. "Huna wazee?"

"Wazee wangu wamekwisha. Mzee ni mimi."

Akainuka, akamwita dada yake.

Shamsa akaja na shela yake, akakaa karibu na mlango, simu mkononi. Alinitambua. Nikaona rangi inamtoka, maana alijua mtu wa mfuko hatoki Nizwa bure. Nikamwamkia kwa Kiswahili, nikamwomba Said radhi, nikamwambia sisi wa huko tunapata maneno vizuri zaidi kwa lugha ya utotoni. Akasema hamna neno, akakaa pale pale, katikati yetu, anasikiliza.

Sasa oneni msiba wangu. Nilikuwa nategemea Kiswahili kinifiche. Nikafungua mdomo niseme "ziada", nikaufunga. Ziada ni Kiarabu. Hesabu ni Kiarabu, akiba ni Kiarabu, mshahara, mali na fedha vivyo hivyo. Nikataka kusema kurudisha, nikakumbuka nalo limetoka kwao; nikataka kusema kurejesha, hilo nalo. Sanduku ndilo jina lenyewe la mfuko kwa lugha yao. Maisha yangu yote ya kazi nimeyafanya kwa Kiswahili, na sasa nagundua kwamba kila neno la kazi yangu Said analielewa. Maneno yaliyobaki salama ni ya jikoni.

"Dada," nikaanza, jasho linanitoka, "chungu chako cha mwaka huu kimejaa. Kinafurika."

"Chungu kipi?"

"Kile tunachokutunzia sisi kule Nizwa. Umepikia meko mawili, kwa wagonjwa na kwa watoto, na kila jiko limetia humo humo."

Nikaona macho yake yanafunguka. Msimamizi wa jiko la hospitali hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Mchuzi umemwagika," akasema.

"Umemwagika. Na kesho wakubwa watauzoa wakuletee hapa nyumbani, mbele ya kila mtu."

"Hapana! Usije ukauleta hapa. Ukifika hapa utanywewa wote, mimi nikilamba mwiko."

Said alikuwa anageuza kichwa, kwake, kwangu, kwake, kama mtu anayetazama mpira.

"Tunaweza kuutia kwenye chungu cha mwaka ujao," nikasema, "tupunguze kile utakachotia wewe, mpaka vilingane. Fungua hiyo uliyoshika mkononi. Nilikuletea maneno, ukaniziba."

"Ni wewe yule? Niliona ni wezi."

"Ni mimi. Yako mawili. La kwanza ni kuletewa hapa. La pili ni kuachwa kule kule. Bonyeza la pili. La pili, dada, si la kwanza."

Akainamisha kichwa, shela ikamfunika uso na simu. Vidole vikawa vinatembea. Bila kuinua kichwa akauliza, "Na vile vitoto vilivyozaliwa humo chunguni?"

Nilifurahi mno. Miaka yote ile hakuna aliyepata kuniuliza habari ya pato la michango kwa uzuri kama huo. Nikajisahau. "Faida yake nayo," nikasema kwa sauti kubwa ya kitaalamu, "inakwenda huko huko."

Said akaweka kikombe chini. "Faida?" akasema. "Faida gani?"

Nilimtazama Shamsa, na naapa nilikuwa tayari kusema lolote, kama ningekuwa na la kusema. Kama Said angelijua, ile nyumba yenye ufunguo ilikuwa imekwisha, si kwa ubaya, ila kwa mapenzi, ingezikwa mchangani pamoja na bangili za mama.

Shamsa akainua uso, mtulivu kabisa, akamwambia kaka yake kwa Kiarabu, "Anasema ndoa ina faida hata kwa watu wazima kama sisi."

Said akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyelijua jambo tangu mlangoni. "Nawe umemjibu nini?"

Simu yangu ikatikisika mfukoni mwa kanzu. Jibu la Shamsa lilikuwa limefika: la pili.

"Nimekataa," Shamsa akasema.

"Kwa nini? Anaonekana mtu wa heshima."

Alinipima kwa macho, akachukua muda wake. Sikuona sababu ya kuchukua muda wote ule. "Mfupi," akasema. "Na anaongea sana vyakula." Akainuka, akaenda kumtazama mama yake.

Said alinihurumia kwa dhati. Alinishika mkono, akaniambia haya ni mambo ya kheri na nasibu, akakataa nisiondoke bila chakula cha mchana. Nikala wali na nyama ya posa niliyoikosa. Baada ya kula akanionyesha picha za kambi yake, akaniuliza kama ningependa kutia kidogo, maana mtu mwenye huzuni ni vizuri apate shughuli. Nikamwambia nitafikiri.

Nyumbani kwetu ni Fanja. Nilirudi kwa njia ya Bidbid, nikifurahi kwamba kazi imekwisha na siri haikutoka. Sikujua kuwa binti ami yake Zuwena ameolewa mtaa ule ule wa Said. Nilipofungua mlango Zuwena alikuwa amekaa sebuleni, simu mapajani.

"Bwana harusi amerudi," akasema. "Halwa iko wapi? Au umewaachia na halwa?"

"Ilikuwa kazi, Zuwena."

"Kazi gani ya kuposa?"

"Siwezi kusema."

Na sikusema. Si kwamba nilikuwa shujaa. Nilijaribu kutafuta namna ya kusema nusu, nikaona nusu ingekuwa mbaya zaidi. Nilimwambia tu kwamba ni siri ya mtu, si yangu. Akaniambia sawa, akanyamaza. Zuwena akinyamaza, hata friji inapunguza kelele. Kwa siku kadhaa chakula kilikuwa kizuri kuliko kawaida, na hiyo ndiyo ishara mbaya kuliko zote. Mkaguzi alifunga hesabu zake, kodi ikapelekwa, mudiri akanipongeza, na mimi nilikuwa narudi nyumbani kila jioni kama mtu anayekwenda kutolewa jino.

Mwishowe Shamsa mwenyewe alipata habari, kwa huyo binti ami, kuwa nyumbani kwangu kumechafuka. Akampigia Zuwena, akamweleza yote toka mwanzo, vyungu na mchuzi. Siri ilikuwa yake, yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuitoa. Nilimkuta Zuwena anafuta machozi kwa kucheka. Nikamwambia, "Sasa unaona? Nilikuwa mkweli."

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nani akukubali wewe?"

Sharti la Shamsa ndilo hilo, vijana: nikiandika, niandike kuwa alinikataa, na niandike sababu. Nimeandika.

Aliendelea kutia mchango wake, safari hii ndani ya kikomo, na mimi kila mwaka nililitazama jina lake kabla ya jingine lolote. Alipostaafu alinunua nyumba ndogo, vyumba viwili na jiko, si mbali na kaka yake, akamchukua mama. Ndipo alipomwambia Said kuwa alikuwa akiweka akiba miaka yote. Said aliumia siku mbili, ya tatu akaja na rangi na ngazi, akaipaka nyumba nzima yeye mwenyewe, na mpaka leo kila mgeni anamwonyesha nyumba ile kama mradi wake pekee uliofanikiwa. Kambi haikusimama. Zuwena na Shamsa wamekuwa mashoga. Mke wangu huenda Ibra akakaa siku nzima, mimi nabaki na wali wangu unaoungua.

Habari ya safari yangu tu Shamsa hakumwambia kaka yake. Nilimuuliza kwa nini, sasa kwa kuwa nyumba imeshakuwa nyumba. Akasema, "Akijua kwamba alikaa pale katikati, anatutilia kahawa, na sisi tunamzunguka kwa Kiswahili, hilo ndilo litakalomuuma. Mwache."

Nimemwacha. Nanyi mkikutana naye mwacheni, na ujumbe wa watu waliozidisha msiuandike kama wezi. Mengine ya kikazi yamo kwenye mafaili.

Wiki niliyostaafu tulialikwa harusi Ibra. Said aliniona kwa mbali, akaja kunikumbatia, akanivuta mpaka kwenye duara la wazee wenzake. "Huyu," akawaambia, mkono begani mwangu, "alitoka Nizwa peke yake, hana wazee, na halwa mkononi, akamposa dada yangu. Hakupata. Lakini tazameni, hakutuchukia." Wazee wakanitazama kwa huruma. Mmoja akasogea kunipisha nafasi, mwingine akanisukumia kahawa. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyekataliwa kweli, nikakaa, nikanywa.